Nyumba Inayokubali Kuoga

Siku mwanangu,

Shikamoo yako ya kesho asubuhi nimeamua kuipokea leo, maana kesho utakuwa na begi mkononi na haraka kichwani, utaitupa hapo mlangoni kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Marahaba. Adabu tumeimaliza, sasa tuzungumze.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo unanishinda. Wewe unangoja mtu amalize, halafu unasema taratibu, "Sawa baba, lakini," na hiyo lakini yako ikishaingia ndani mie sina tena pa kukaa. Kwenye karatasi huna lakini. Utaisoma ndani ya basi, na hata ukikasirikia huko Mkuranga, mie niko zangu huku Mtoni nakunywa chai.

Mambo ya chandarua, dawa ya tumbo, usile samaki aliyelala, usipande bodaboda ya mtu usiyemjua, hayo namwachia mama yako. Ameshakwambia, atakwambia tena, na ataendelea mpaka basi litoke Rangi Tatu. Likishatoka atakupigia simu.

Mie nina jambo moja. Uliniomba niseme ndiyo, ukirudi kutoka Rufiji, huko mnakokwenda kuwajengea watu wa mafuriko, uifumue sakafu ya nyumba yetu na uitengeneze upya kabla ya masika. Nikakujibu tutaona. Mama yako akanitazama kwa jicho la pembeni. Sasa barua hii ndo tutaona yenyewe, ila kabla sijafika hapo inabidi nikwambie kitu ambacho mababa hawakiandikagi. Nakuonea wivu.

Cheka, lakini kwa sauti ndogo, usimwamshe jirani yako wa kwenye siti.

Juzi alikuja kijana mmoja, kachomekea shati vizuri, akapiga hodi.

"Shikamoo mzee. Fundi yupo?"

Nikainuka, nikapandisha suruali. "Marahaba. Ndo mie, sema shida yako."

Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena. "Samahani mzee. Namuulizia yule fundi wa kike. Aliyemtengenezea Bi Hidaya nyumba."

Mwanangu, mtaa huu nimeushika tofali kwa tofali. Kuna watu humu wameoa, wamezaa na wameachana ndani ya kuta nilizozipandisha mie. Nikamwambia huyo kijana kwamba fundi wa kike amehama. Akauliza kahamia wapi. Nikasema Msumbiji. Akasikitika sana, akaniaga kwa heshima. Anakaa nyuma ya msikiti, geti la bluu. Mpigie, kazi yako bado ipo. Nimeshakwambia, sasa roho yangu inaweza kulala.

Hii nyumba wewe unaijua kwa ramani. Acha nikupe kwa upande wangu. Niliijenga hujazaliwa, wakati huo mto Kizinga uko kule chini, mwembamba, wa kunawia miguu tu. Mara ya kwanza mto ulipotuingilia, wewe ulikuwa mdogo, tukakulaza juu ya kabati la vyombo, ukaona raha, asubuhi ukaniuliza kama na leo tutalala kabatini. Maji yaliposhuka nikafanya kile ambacho kila mwanaume wa bondeni hufanya. Nikaita tipa la kifusi, nikajaza vyumba vyote, nikamwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Tukawa juu. Nikatembea mtaani kama niliyetoka Makka.

Marehemu mume wa Bi Hidaya, hapo ng'ambo ya uchochoro, alipita, akatazama kizingiti changu, na wiki ileile tipa likamwaga kwake. Akatupita kama kimo cha tofali. Masika yaliyofuata maji yake yakahamia kwetu. Nikainua. Akainua. Hatukugombana hata siku moja, nataka ulijue hilo. Tulipeana pole kwenye misiba, tulifuturu sahani moja, na kila aliyeingia kwa mwenzake alikuwa anaipima sakafu kwa jicho huku akiuliza habari za watoto. Mama yako alituambia mara moja tukiwa kwenye kahawa: "Nyie endeleeni tu. Tuone nani atafika kwenye bati kwanza."

Na kweli tulikuwa njiani, kwa sababu sakafu inapanda na bati halipandi. Dirisha la sebuleni lililokuwa linanifika kifuani likashuka mpaka magotini. Aliyepita nje alituona miguu, uso hakuuona. Mlango ukawa mfupi, mgeni akawa haingii mpaka ainame, na mie nikaligeuza kuwa sifa: kwangu hata mwenyekiti wa mtaa anaingia ameinamisha kichwa. Wewe ulipofika darasa la saba ukarefuka kama mpapai, kila asubuhi unagonga kichwa kwenye lenta, ile zege ya juu ya mlango. Badala ya kuushughulikia mlango nikakwambia uache kurefuka.

Kosa langu la pili lilikuwa na rangi nzuri zaidi. Sie huku maji yakishatoka, mashindano ni nani atang'aa kwanza. Mtu akipita akikuta ukuta wako umeshapigwa plasta na rangi, ile pole inageuka hongera, na hongera ni tamu. Kwa hiyo nilikuwa siungoji ukuta ukauke. Tofali bado zimelewa maji, mie nazivalisha koti la saruji, tena zito. Baada ya muda rangi inatoka malengelenge, chumvi nyeupe inatoka ukutani kama unga, nyuma ya kabati kunaota ukungu mweusi, na mama yako anakohoa mpaka anashika meza. Nililaumu rangi. Nililaumu mchanga. Nilimlaumu shangazi yako kwa kuegemea ukuta. Ilinichukua uzee kujua kwamba nyumba inaweza kupendeza na huku inaumwa.

Halafu na jiko. Miaka yote nilianza na ukuta wa barabarani, ule wanaouona watu, na jiko likawa la mwisho. Mama yako alipikia uchochoroni, mvua ikinyunya anashika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine. Hakulalamika, au alilalamika nikawa nimepanda ngazi.

Basi wewe ukaenda chuo, ukarudi na Mwalimu wako wa ujenzi. Si yeye mwenyewe. Ukarudi na "Mwalimu anasema." Mwalimu anasema tusishindane na maji, tuyaache yaingie polepole na yatoke haraka. Mwalimu anasema nyumba ya bondeni usiiulize kama italowa, iulize italala siku ngapi kabla mtu hajapika tena ndani yake. Mwalimu kwenye chai, Mwalimu kwenye ugali. Mie nimekushikisha mwiko wa kwanza wa saruji ukiwa huna meno ya mbele, na sikumbuki hata mara moja kukusikia ukimwambia mtu "baba anasema." Nikamuuliza mama yako kama huyo Mwalimu ana mke. Akaniambia ana mke na wajukuu, kaa chini unywe chai yako.

Siku aliyokuja kutusalimia nilikaa ndani makusudi, ili aingie. Akaipiga lenta kwa paji la uso, mlio wake mpaka leo nausikia. Nilifurahi, nikaona aibu, nikafurahi tena. Akajipangusa, akasema, "Binti yako alinionya niiname, mzee, nimesahau." Mtu mpole, hana hata makuu. Halafu ndo akaniharibia kabisa. Akaniambia kwamba darasani kwenu wewe ndiye pekee uliyeweza kuitazama alama ya tope ukutani ukasema maji yalikaa muda mrefu au yalipita tu, na ulipoulizwa umejifunzia wapi, ukasema kwa baba.

Mie nilishajipanga kumchukia mchana kutwa. Mtu akishakwambia maneno kama hayo huwezi tena kumchukia sawasawa. Nimebaki namchukia kidogokidogo, ili nisiishiwe.

Ulianza kwangu, sikatai. Ulikuja na ramani yako, nikakwambia nyumba yangu si daftari la mazoezi, kafanyie majaribio kwa watu. Ukaikunja, ukavuka uchochoro, ukaenda kwa Bi Hidaya, mjane, asiye na mtu wa kumkataza. Nikakaa kwenye dirisha langu la magotini nawatazama wewe na wenzako. Mlipoanza kubandua plasta ya chini sikuvumilia.

"Naona mnamvua mjane wa watu nguo," nikasema.

Bi Hidaya akajibu kutoka ndani, hata hakutoa kichwa: "Afadhali mie navuliwa na mafundi, Mzee Shomari. Mkeo anaingia kwake kama kuku anaingia bandani."

Mama yako alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikafunga dirisha.

Lakini niliendelea kuona. Nikaona mnatoa kifusi chote alichokijaza marehemu, ndoo kwa ndoo, na kifusi kile, pamoja na jua lote lililokuwa linawaka, kilikuwa kinatoka kibichi, kinanuka. Nikajua kwamba na changu kiko hivyohivyo, chini ya kitanda changu. Sikukwambia. Nikaona mnapiga chokaa pale chini badala ya saruji, ukuta upumue. Nyaya za umeme zikateremka kutoka juu, soketi zikakaa usawa wa kifua. Milango ikawekewa bawaba za kunyanyua, mtu anaitoa kwa mkono kama mfuniko. Kitanda cha zege, meza ya zege. Sakafu ikateremka kidogo kuelekea pembeni, na pale pembeni tundu lenye kizibo. Na kwa kuwa sakafu ilirudi chini, juu mkapata nafasi ya dari la maana, la mbao nene, lenye ngazi, la kuweka magunia na watu. Nilipokuuliza hilo tundu la nini, ukaniambia ni la maji kutokea. Nikakwambia nyumba nzuri haikaribishi maji. Ukasema, "Sawa baba, lakini yakija bila kukaribishwa?"

Mvua ikaja. Usiku ule kila mtu alilowa, Bi Hidaya alilowa, sie tulilowa, na hapo nikaona raha ya siri, nikasema haya, tuone hilo tundu lake. Mto uliposhuka akashuka darini, akazibua kizibo chake, akafagia tope, akamwagia kuta maji ya ndoo kama anayemwogesha mtoto, akarudisha milango. Sie bado tunachota. Siku ya pili nikasikia harufu ya vitunguu. Mwanangu, hakuna kitu kinachoumiza kama harufu ya vitunguu vya jirani wakati wewe umesimama kwenye tope lako.

Jioni mama yako akachukua kanga mbili na mswaki. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Hidaya. Kwake kumekauka."

"Na mie?"

"Wewe una sakafu ya juu, baba Siku. Kaa nayo."

Tangu nimuoe hakuwahi kunihama. Na hakunihama kwa mwanaume, ningemtafuta huyo mwanaume tukazungumza. Kanihama kwa sakafu. Nikalala juu ya meza na redio yangu, nikiwasikia ng'ambo ya uchochoro wanacheka, na sauti yako imo. Nilimwonea wivu Bi Hidaya kwa nyumba yake, nikamwonea wivu kwa kicheko cha mke wangu, na nikakuonea wivu wewe kwa sababu kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kujenga nyumba watu wakae, wewe uliifanya mara moja na watu wakakaa.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kooni. Sasa nimelitema, tuendelee.

Huko unakokwenda mtaanza na zahanati, halafu nyumba za watu. Kwenye hizo nyumba utamkuta mtu kama mie. Yupo tu, usijali, hana haja ya kutafutwa. Atakuwa amekaa nje kwenye kiti kilichovimba maji, anawaambia watu kwamba kwake hakuna shida kubwa. Huyo usimfungulie ramani. Mwache akuzungushe nyumba yake, akuonyeshe alipoanzia, akutajie kila ukuta aliuweka mwaka gani na nani alimshikia ndoo. Atakupotezea asubuhi nzima na atadanganya hapa na pale. Akitaka kukwambia umuinulie sakafu kwa kifusi, usimwambie hapana mbele ya mkewe. Mie uliniambia mbele ya mama yako, tena ulikuwa umesema kweli, ndo maana iliniuma. Ungekuwa umekosea ningesahau siku ileile.

Na mkewe muulize anapikia wapi. Hapo ndo uanzie, hata kama bwana amekuandalia kiti upande wa barabarani.

Wakitaka plasta ya haraka na rangi, usiwaone wajinga. Mtu aliyetazamwa akitoa godoro lake lenye tope mbele ya mtaa mzima anatamani kung'aa kwanza, kupona baadaye. Mpe kitu kidogo cha kung'aa. Mlango mpake rangi anayoitaka. Mwalimu wako hilo hajakufundisha, maana nyumba yake iko mlimani. Hili ukiwaambia wenzako, sema baba anasema.

Sasa tutaona. Nilipokujibu vile nilikuwa nimeshaita tipa. Ndiyo. Kifusi kije kesho mchana, wewe ukiwa umeshapita Kongowe. Nilipanga ukirudi ukute sakafu mpya imeshakauka, ngumu, juu kuliko zote za mtaa, na mie nimekaa juu yake nimekunja nne. Ungesema sawa baba, lakini, na mie ningesema zege halina lakini. Nilikwisha kuifanyia mazoezi hiyo sentensi.

Leo baada ya magharibi, wewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako, dereva wa tipa akapiga simu kuuliza njia ya kesho. Simu alipokea mama yako. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaniletea, akanikabidhi bila kukata, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi: "Mwambie amwage. Ila ajue anamwaga kwenye nyumba ya mtu anayekaa peke yake." Akarudi kwenye uji wake.

Nikasimama na simu. Huko ndani ya simu dereva anasema, mzee, mzee, unanisikia.

"Nakusikia," nikamwambia. "Usilete."

"Nimeshapakia, mzee."

"Pakua."

"Nipakue wapi sasa? Mzee unaumwa?"

Nitakwambia kweli, kwa nukta moja nilitaka kumwelekeza kwa Bi Hidaya. Ilinijia hapa kwenye ulimi. Nikaimeza, nikamwambia apeleke kwa wale wanaotengeneza barabara ya mashimo kule kwa juu, watamshukuru. Nikakata simu. Mama yako hakugeuka, ila alikwangua sufuria kwa furaha, na mtu niliyeishi naye miaka hii yote namjua akikwangua kwa furaha.

Kwa hiyo ndiyo. Andika popote unapoandikaga. Ukirudi fumua. Lakini nina masharti, usidhani nimekuwa malaika. Mwalimu asije. Akija, aje kama mgeni, ale wali aondoke. Fundi utakuwa wewe na saidia fundi nitakuwa mie, na utanituma mbele za watu, chokaa ile, ndoo ile, na mie nitakuja nikinung'unika kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa tatu. Nimefikiria nikaona ni bora wacheke kwamba Shomari anatumwa na mwanawe, kuliko waseme kazi ya mwanawe aliifanya mtu mwingine. Chumba cha mbele nitaanza kukichimba mwenyewe kuanzia Jumamosi, taratibu, kwa afya yangu. Na dari letu liwe na dirisha. La Bi Hidaya halina, nimeshahakikisha.

Nakuombea kwa Mungu, na dua yangu ni ya kibinafsi kidogo: nataka ufanikiwe, ila usifanikiwe mpaka ukasahau njia ya Mtoni. Nyumba itakayokutoka vizuri huko, watu wakaipiga makofi, picha yake mtumie Mwalimu wako. Mie usinitumie, sitalala. Nitumie ile itakayokushinda, iliyopinda, unayoizunguka mchana kutwa hujui uanzie wapi. Hiyo nipigie picha kila upande, uniletee, tukae wawili tuitazame.

Ni mie baba yako mwenye wivu,
Shomari, fundi